Chumba cha Mikono

Siku ile ya kuniaga, ninyi vijana mliobaki katika chumba cha mikono mliniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi niliyowaachia. Vyeo na mishahara sitavitaja. Havijawahi kumfundisha mtu kunyoosha kidole. Nitaandika juu ya siku zangu za kwanza, juu ya mtawa aliyenifundisha, na zaidi juu ya mgonjwa mmoja aliyeitwa Monika. Mengi niliyoyajua baadaye juu ya mkono uliokufa kwa paralizi niliyajulia kwake, na mengine ningefurahi nisingeyajua.

Nilizaliwa hapa hapa Elisabethville, katika kambi ya reli. Baba yangu alishuka kutoka kaskazini akiwa kijana kutafuta kazi ya njia ya treni, akaipata, akabatizwa, akaoa, hakurudi tena kwao. Mapadri walinisomesha mpaka pale ambapo Mweusi aliruhusiwa kusomeshwa siku zile, kisha wakanipeleka hospitali ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumwaga ndoo na kuwashika wagonjwa wakati Dokta anaunga mifupa yao. Nilikuwa na mwili mkubwa. Mgonjwa niliyemshika hakutikisika, na nilijivunia jambo hilo kama ujinga mwingine wa ujanani.

Ni mwili huo ulionifanya nionwe na Masera Godelieva. Masera ndivyo tulivyowaita watawa wa kike. Huyu alikuwa Mflemi mfupi wa Ubelgiji, mwenye miwani mizito na viatu vya kiume, na Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwa wanawake wafuaji, kwa hiyo alijua matusi mengi bila kujua kama ni matusi. Kwao Ulaya, baada ya vita vya kwanza, alikuwa amefanya kazi na askari waliorudi na mikono iliyovunjika na vichwa vilivyopigwa. Huko ndiko alikojifunza kwamba mkono ulioacha kutii unaweza kufundishwa upya, kama mtoto anavyofundishwa, na wakati mwingine hauwezi. Alimwambia Dokta kwamba anataka mtu mwenye nguvu nyingi asiyejua kuzitumia, ili amfundishe kutozitumia kabisa. Dokta akanitoa mimi.

Chumba chenyewe kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya kupigia pasi. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama bomba la moshi la kiwanda cha shaba, na meza ndefu ambayo ukingo wake uliungua mahali pengi. Upepo ukigeuka tulifunga dirisha, na kukohoa tukaendelea. Vyombo vyetu havikutoka Ulaya. Seremala wa hospitali alituchongea vibao vya kunyooshea vidole, vyenye mikanda ya ngozi. Tulikuwa na beseni la maji ya moto, mfuko wa mchanga, bakuli la maharage ya kuokota moja moja, ubao uliopigiliwa vifungo vya makoti, makufuli mabovu na funguo zake, na kamba iliyopitishwa juu ya boriti kwa gurudumu dogo, ili mkono mzima uvute juu ule ulio mgonjwa. Mafuta yalikuwa ya karanga. Wagonjwa walisema chumba chetu kinanukia njaa.

Somo langu la kwanza lilikuwa hili. Masera aliuzungushia mkono wangu wa kulia bendeji toka kwenye vidole mpaka begani, akaufunga kifuani, akaniamuru nifanye kazi, nile, nivae na nilale hivyo mpaka Jumapili. Nilimwaga supu ya wagonjwa. Nilishindwa kufunga suruali, nikaenda kazini nimeishika. Nyumbani nilikula bukari, ugali wetu, kwa mkono wa kushoto, na ndugu zangu wakacheka; mama yangu hakucheka, aliuliza nimemtukana nani hata akaniroga. Jumapili Masera alinifungua, akaniuliza ni kitu gani kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Nilimwambia ni aibu. Alisema sasa naweza kuanza kazi.

Wagonjwa wetu wengi walikuwa wachimbaji na watu wa tanuri, waliopondwa vidole na mawe au mashine. Wa paralizi walikuwa wachache, na walikuwa wagumu zaidi. Aliyepondwa mkono anajua kilichompata. Mtu wa paralizi ameamka asubuhi, ameweka mguu chini, na nusu ya mwili wake haipo. Wengi waliamini wamerogwa, na sikubishana nao, kwa sababu aliyerogwa na asiyerogwa niliwasugua namna moja.

Jambo lingine mlijue, maana ninyi hamkuyaona mambo hayo yalivyokuwa. Mfanyakazi ambaye mkono wake haukupona alipewa blanketi na kupandishwa treni arudishwe kijijini kwake. Wengine waliondoka kwao wakiwa vijana, wazazi wamekwisha kufa, hawajui tena njia ya kisima. Kwa hiyo mtu aliyekaa mbele yangu akijaribu kuokota haragwe hakuwa akicheza. Nimeona watu wazima wakilia kwa sababu ya haragwe.

Monika aliletwa mwanzoni mwa majira ya baridi, vita vya pili vilipokuwa bado havijaanza. Alikuwa binti wa Pweto, kule ziwani Mweru, kwa watu wa samaki. Donat, fundi wa kupigilia misumari ya mabati kiwandani, alikwenda huko kumtembelea rafiki, akamkuta ufukweni akipasua samaki kwa kisu na kuwatandaza juani, akamwoa kanisani na kumleta katika kambi ya kampuni. Mtoto wao wa kwanza, Petelo, alizaliwa salama. Mama ndiye hakutoka salama: siku ya kujifungua alishikwa na kifafa cha mimba, na alipozinduka upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Alikuwa msichana bado.

Dokta hakumkataa kwa ubaya. Alimweleza Masera kwamba chumba ni cha wafanyakazi wa kampuni, na mke si mfanyakazi. Masera alijibu kwamba anahitaji mfuaji mmoja zaidi. Dokta alitazama mkono wa Monika uliokuwa umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine, akasema anadhani huyo ni mfuaji hodari, na akaondoka. Ndivyo Monika alivyoingia.

Mguu ulirudi kwanza, akawa anatembea kwa kuuburuta. Kisha maneno. Mkono ulikaa kimya. Kila asubuhi niliuzamisha katika maji ya moto, nikaupaka mafuta, nikapinda na kunyoosha kila kidole taratibu, huku Masera akinikumbusha nisimvute bega, kwa sababu bega la mtu wa paralizi limening'inia kwa ngozi tu, na ukilivuta unampa maumivu ambayo hayatakwisha. Monika alitakiwa kutazama mkono na kuuamuru. Alikuwa anautazama, anauamuru, na hakuna kilichotokea. Siku moja aliniuliza, akiniita yaya kama mtu anavyomwita kaka yake, kwa ile sauti yake iliyokuwa bado nzito:

"Yaya, uniambie kweli. Hii mukono itarudia?"

"Sijue," nikamwambia. "Tutumike kazi, tuone."

Baadaye aliniambia kwamba watu wote wengine walikuwa wamekwisha kumwambia utarudi, na ndiyo maana hakuwa akiwaamini.

Asubuhi moja ya baridi kali alipiga mwayo, na mkono ule uliokufa ukapanda wenyewe, kiwiko kikakunjika, vidole vikafunga mbele ya kifua. Niliruka kwenye kiti. Monika alianza kulia kwa furaha, kisha kwa hofu, kwa sababu mwayo ulipokwisha mkono ulianguka, na alipouamuru upande tena haukupanda. Masera hakuacha kukunja bendeji zake. Alituambia ameona hivyo kwa askari wengi.

"Musifurahi bado," alisema. "Hii iko mwayo. Haiko Monika."

Mlikumbuke neno hilo mnapomwona mgonjwa wenu ananyanyua mkono akicheka au akikohoa. Lakini mwayo ule ulikuwa umetuonyesha kwamba njia ipo. Baada ya siku nyingi Monika aliweza kufunga vidole kwa hiari yake, vyote pamoja, kama mlango. Ndipo tulipokutana na tatizo la pili, na hilo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: vilifunga, havikufunguka. Alishika mwiko, akashindwa kuuachia. Siku moja mtoto aliletwa anyonye, na Monika kwa furaha akalishika shati la mtoto kwa mkono wa kulia, na mtoto alipotaka kugeuka hakuweza, akalia mpaka nikaja kufungua vidole vya mama yake kimoja kimoja. Tangu siku hiyo aliuweka mkono ule nyuma yake kila mtoto alipokuwa karibu.

Mtoto alikuwa akiletwa na Tereza, dada mkubwa wa Donat. Mume wa Tereza alifanya kazi katika kampuni ile ile, nao walikaa nyumba ya jirani kambini. Hawakuwa na mtoto. Tereza ndiye aliyempikia Donat, ndiye aliyembeba Petelo mgongoni mchana kutwa na kumleta hospitali saa za kunyonya. Hakuwa mwanamke wa kelele. Aliketi kwenye benchi, akatazama tunavyofanya, na sikuweza kujua anafikiri nini mpaka siku Donat alipokuja naye.

Donat alizungumza akiwa amesimama, kofia mkononi. Alisema mkataba wake unakwisha majira ya baridi yatakapokwisha, na wakati huo kampuni hutoa safari kwa familia zinazotaka kwenda kwao. Alisema nyumba haiwezi kukaa bila mwanamke wa kupika. Kwa kuwa wameoana kanisani hawezi kumwacha mke wake, wala hataki. Lakini anaona afadhali aende Pweto apumzike kwa wazazi wake mpaka atakapopona. Masera aliuliza habari ya mtoto. Donat alimtazama dada yake. Tereza akasema mtoto ni wa ukoo wa baba, atabaki.

Monika alisikia yote, kwa sababu alikuwa pale mezani na mkono wake ndani ya beseni. Kwao, upande wa ziwani, mtoto ni wa mama. Hakuanza shauri hilo. Aliuliza kitu kimoja tu: kama kabla ya mkataba kwisha ataweza kupika bukari na kumfunga mtoto mgongoni, atabaki? Donat alisema ndiyo. Alisema mbele ya Masera, na nadhani alisema kweli.

Kuanzia hapo hatukuokota maharage tena. Masera alitupa vile vibao na vifungo pembeni, akaagiza mbabula ya kupikia, makala ya kuwasha ndani yake, sufuria na mwiko, na chumba chetu kikawa jiko. Wauguzi wengine walikuja kuchungulia dirishani wakiuliza chakula kitaiva lini. Tulianza na udongo uliochanganywa na maji, kwa sababu unga ulikuwa wa kuliwa. Monika alikanyaga mshikio wa sufuria kwa mguu mzima isizunguke. Mkono wa kushoto ulisonga. Wa kulia tuliufunga kwenye mwiko kwa kitambaa, ili uende na mwenzake na kujifunza. Alisonga udongo kila siku mpaka mabega yakatetemeka. Alikuwa na hasira, na hasira ilimsaidia kuliko mafuta yangu.

Kumfunga mtoto kulikuwa kugumu zaidi. Tulitumia mfuko wa mchanga uliovikwa shati. Aliinama sana, akauviringisha mfuko mpaka mgongoni kwa mkono wa kushoto, akatupa kikwembe juu, akashika ncha moja kwa meno na nyingine kwa ule mkono wa kulia uliojua kushika tu. Hapo kasoro yake ilimfaa: mkono usioachia ulishika ncha ya nguo kama msumari. Aliangusha mfuko mara nyingi. Kila ulipoanguka, wote tuliona kilichoanguka. Kisha siku ilifika ambayo haukuanguka, na nyingine, na Masera akasema ajaribu na Petelo mwenyewe. Nilikaa nyuma yake nimekunjua mikono. Mtoto alikaa mgongoni pake, akaweka shavu, akalala. Monika alitembea naye kutoka dirishani mpaka mlangoni na kurudi. Nami niliiona siku hiyo kuwa siku njema kuliko zote katika kazi yangu, na mpaka leo ndiyo hivyo, ingawa najua yaliyofuata.

Siku ya kuonyesha, Donat alikuja na Tereza. Kulikuwa na unga wa kweli, sombe ya majani ya muhogo ilikuwa imepikwa jikoni kwa masera, na Dokta mwenyewe aliingia akasimama ukutani. Monika aliwasha makala, akachemsha maji, akamwaga unga, akakanyaga mshikio, akasonga. Hatukuufunga mkono wake kwa kitambaa. Aliuweka juu ya mwiko mwenyewe. Bukari ilikaza. Alisonga vizuri, uso wake umelowa jasho, na nilimwona Donat ameanza kutabasamu.

Nilisikia harufu kabla ya kuelewa. Mkono wa kulia ulikuwa umeteleza kutoka kwenye mwiko, umelala juu ya ukingo wa sufuria, upande wa kidole cha mwisho. Monika alikuwa anatazama bukari, si mkono. Aliendelea kusonga. Nyama ilikuwa inaungua, naye anasonga, kwa sababu hakuna kitu kilichomwambia. Niliruka nikauondoa. Ngozi ilibaki kwenye sufuria.

Tulijua mkono wake hausikii vizuri. Masera alijua, mimi nilijua, Dokta aliandika siku ya kwanza. Kila siku tulimwambia auchunge kwa macho. Lakini mtu hawezi kuchunga mkono kwa macho na bukari kwa macho na mume kwa macho, vyote kwa wakati mmoja.

Nilimfunga jeraha. Hata hakuuma meno, kwa kuwa hakuumia, na hilo ndilo lililowaogofya wote kuliko jeraha lenyewe. Alimtazama Donat.

"Nilipika, ao sikupika?" akauliza.

Aliyejibu ni Tereza, bila ukali.

"Ulipika. Miye sina chuki na weye, Monika. Lakini muntu asiyesikia moto, tutamuachia mutoto namna gani?"

Nilimgeukia Masera nikitumaini atasema kitu. Masera alikuwa na maneno kwa kila mtu, hata kwa Askofu. Siku hiyo alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Hakukuwa na uwongo katika swali la Tereza. Nimelifikiria miaka yote hii nikitafuta jibu lake, na jibu nililopata ni dogo: wangeweza kubaki wote, mmoja asikie moto kwa niaba ya mwingine. Lakini hakuna aliyeliwaza siku ile, na nyumba za kambi zilikuwa na mlango mmoja na chumba kimoja.

Monika alipanda lori la wafanyabiashara wa samaki lililokuwa linarudi Pweto tupu. Masera alimpa kibao cha kunyooshea vidole akivae kila jioni. Maziwa yalikuwa bado yanamtoka. Yaliloanisha nguo yake mbele, naye alijifunika kwa ule mkono wenye bendeji. Donat alibeba mzigo wake mpaka kwenye lori. Tereza hakuja, wala mtoto, nadhani kwa huruma.

Vita vikaja, shaba ikatakiwa zaidi, watu wakafanya kazi zamu juu ya zamu, na chumba chetu kikajaa mikono iliyopondwa. Masera Godelieva alihamishiwa misheni nyingine, akafia huko. Aliniachia viatu vyake vya kiume, vilivyonibana. Nilibaki na chumba. Niliwafundisha wengine, niliwafunga vijana mikono vifuani mpaka Jumapili, na baadhi yenu mnakumbuka. Lakini kuna kitu nilikibadilisha: hakuna mgonjwa wa paralizi aliyeruhusiwa kukaribia moto kwangu kabla ya kujifunza kugusa kila kitu kwanza kwa mkono mzima. Nimewaudhi wengi kwa sheria hiyo. Iacheni ilivyo.

Baada ya vita, asubuhi moja ya majira ya mvua, mwanamke aliingia chumbani akiburuta mguu, kapu la samaki wakavu kichwani. Sikumtambua mpaka alipotua kapu. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjamana kabisa, kucha zimezama kiganjani, kama nilivyojua utakuwa; kule hakukuwa na mtu wa kuunyoosha, na kile kibao kililiwa na mchwa. Niliinuka kuushika ili niutazame. Akaurudisha nyuma.

"Sikukuja kwa mukono, yaya," akasema. "Nilikuja kuona mutoto. Unisindikize ku kambi. Bataniuliza makaratasi, na miye sina."

Tulikwenda pamoja. Mlinzi alinijua, akatuacha tupite. Njiani alinieleza kwamba Donat alituma salamu miaka ya kwanza, kisha akanyamaza, na kwamba amefanya biashara ya samaki na madereva kwa muda mrefu akingoja mmoja atakayekubali kumleta mwanamke mlemavu juu ya mzigo. Aliuliza kama Petelo atakuwa amekwisha kuanza shule. Nilimwambia kwa umri wake, bila shaka.

Nyumba ya Donat ilikuwa na watu wengine. Yeye alikuwa amehamishiwa Kolwezi. Tereza alikuwa bado katika nyumba yake. Alikuwa anapembua mchele mlangoni, akainua macho, ungo ukamtoka. Hakuuliza habari wala hakukaribisha. Alisema:

"Petelo hayuko tena."

Ilikuwa surua, mwaka ule iliyoua watoto wengi. Nami nilikuwa nikifanya kazi ng'ambo tu ya uwanja kutoka chumba walimolazwa, na sikujua kwamba mmoja wao ni yule aliyelala mgongoni kwa mama yake mbele ya macho yangu. Donat alikuwa amesema ataandika Pweto. Labda alijaribu, mimi sijui. Tereza alieleza yote akiwa amekaa chini katikati ya mchele, akimtazama Monika tu.

"Nilimubeba mu mugongo mpaka mwisho," alisema. "Hakufia mu kitanda. Alifia mu mugongo yangu."

Monika alibaki amesimama. Nilimsogelea. Aliuliza kama mtoto alikuwa amejua kusema. Tereza akasema alijua, alisema sana, alikuwa anawaiga mapadri. Monika akauliza kama alijua ana mama mwingine. Tereza akasema hapana, na ndipo wote wawili walipoanza kulia, kila mmoja mahali pake.

Tereza alitupeleka makaburini. Sehemu ya watoto ilikuwa mwisho kabisa, kando ya kichuguu chekundu. Alikwenda moja kwa moja kama mtu anayejua, kisha akapunguza mwendo, kisha akasimama. Misalaba ilikuwa ya mbao na mchwa walikuwa wameimaliza. Vilima vidogo vilifuatana chini ya majani, vyote sawa. Alisema ilikuwa hapa, akasogea, akasema au pale. Alikuja kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, lakini mwaka jana aliugua, na sasa mvua imebadilisha kila kitu. Aliingia baina ya vilima akifunua majani, akizidi kuchanganyikiwa, mpaka Monika akamwita aache.

Monika alikuwa amesimama mbele ya kilima kimoja ambacho hakikuwa na tofauti yoyote na vingine.

"Itakuwa huyu," akasema.

Tereza akasema hana hakika, pengine huyo ni wa watu wengine.

"Basi," akasema Monika. "Huyu naye iko mutoto wa muntu."

Alipiga magoti akaanza kung'oa majani. Tereza akazunguka upande wa pili akapiga magoti naye. Mlinzi wa makaburi hakuwa na jembe la kuniazima. Tuling'oa wote watatu kwa mikono mpaka kilima kikawa wazi.

Monika hakurudi Pweto. Alilala kwa Tereza siku ile, na siku zilizofuata, akauza samaki. Mume wa Tereza alipofariki na nyumba ya kambi kuchukuliwa, walihamia Katuba, mtaa ulipokuwa bado unajengwa. Mkono wake sikuweza kuunyoosha tena, nilijaribu, tukaacha. Tereza ndiye anayepika. Mwezi uliopita, sasa ninapokuwa na wakati wa kutembelea watu, niliwakuta wanagombana vikali juu ya chumvi ya mboga, na jirani mmoja akaniambia pembeni nisishangae, ndugu wa tumbo moja ndivyo walivyo. Ingawa ilikuwa pembeni, alisema kwa sauti, na wote wawili walimsikia. Hakuna aliyemsahihisha.